Mafunzo ya Hotelini Hayatoshi Kujenga Shirika

Shirika lisilo la kiserikali likipata fungu la kujenga uwezo, jambo la kwanza linalofanyika katika ofisi nyingi nilizopitia hapa Tanzania ni kutafuta ukumbi. Mtumishi mmoja au wawili hupelekwa Morogoro au Bagamoyo kwa wiki nzima, hupewa begi, daftari na cheti, husaini karatasi ya posho, kisha hurudi kuendelea na kazi kwa utaratibu uleule waliouacha. Semina zina faida yake, na baadhi ya wawezeshaji ni mahodari kwelikweli. Hata hivyo, baada ya miaka mingi katika idara za fedha na miradi, naamini kwamba ujuzi huwa wa shirika pale tu kazi inapoweza kufanyika vizuri wakati mwenye ujuzi huo hayupo.

Katika shirika moja nililofanyia kazi, mhasibu alikwenda likizo ya uzazi, na ofisi nzima ikagundua kwamba hakuna mwingine anayejua kuandaa orodha ya mishahara wala kuwasilisha PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mhasibu huyo alikuwa amehudhuria mafunzo mazuri kuliko sisi sote, lakini hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuwafundisha wenzake. Aliporudi tulianzisha utaratibu ambao haukugharimu chochote: kila mwisho wa mwezi, afisa miradi mmoja alikaa naye mezani wakati wa usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, akisoma taarifa ya benki mstari kwa mstari, naye mhasibu akitia alama ya penseli kwenye daftari la fedha na kufungua hati ya malipo inayohusika. Hapo ndipo maafisa miradi walipoelewa kwa nini risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) isiyo na jina la shirika hurudishwa, na kwa nini masurufu ya safari, yaani fedha anazopewa mtu kabla ya kusafiri, yasiporejeshwa kwa hesabu huvuruga taarifa ya mfadhili. Ugomvi wa zamani kati ya idara hizo mbili, ambao vikao vingi vilishindwa kuumaliza, ulipungua sana. Angalizo moja tu: anayejifunza kazi ya mwenzake asije akawa ndiye anayeandaa malipo, kuyaidhinisha na kuyasuluhisha, kwa maana mgawanyo wa majukumu ni kati ya vitu vya mwanzo mkaguzi anavyovitazama.

Kila kazi inayofundishwa hivyo iandikwe katika mwongozo wa ukurasa mmoja au miwili, na aiandike yule aliyejifunza, kwa sababu bingwa huruka hatua anazoziona za kawaida. Anzeni na kazi zenye tarehe za kisheria, kama vile taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa ambazo Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali huzidai chini ya Sheria ya mashirika hayo ya mwaka 2002. Bodi nayo isisahauliwe. Mjumbe asiyeweza kusoma taarifa ya fedha hawezi kuisimamia menejimenti.

Kuhusu fedha za kazi hii, mdaini mfadhili gharama za uendeshaji, yaani zile za ofisi nzima zisizo za mradi mmoja, bila kuona haya. Serikali ya Marekani yenyewe ilipandisha kiwango cha gharama hizo kwa wapokeaji wa misaada yake wasio na kiwango maalumu walichokubaliana nayo, kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, ingawa misaada yake kwa nchi za nje ilisimamishwa Januari 2025 na watumishi wengi wakaachishwa kazi kwa notisi fupi, wakaondoka na ujuzi uliokuwa umelipiwa kwa miaka.

Watu wataondoka hata bila msukosuko wa aina hiyo, kwani mashirika ya kimataifa hulipa zaidi, na mikataba ya kumfunga mtu aliyesomeshwa huzaa kinyongo kuliko uaminifu. Lililo muhimu ni makabidhiano. Katika wiki zake za mwisho, anayeondoka akae pembeni, mrithi wake aandae mishahara na taarifa ya mfadhili akifuata mwongozo peke yake; kila anapokwama, sehemu hiyo irekebishwe papo hapo, kabla ya fomu ya makabidhiano kusainiwa.