Unataka kusomea tehama ya afya? Anza na kitabu cha MTUHA

Vijana wakiniuliza wasome nini ili wafanye kazi za mifumo ya afya, wengi huwa wameshajijibu: waanze na Python, kisha akili mnemba. Mimi huwapeleka kwingine. Nenda zahanati, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, ukae karibu na anayeandaa ripoti ya MTUHA, mfumo wa Tanzania wa kukusanya taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi.

Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito. Muuguzi anahesabu, anajumlisha, takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa bure. Kenya, Uganda na Rwanda wanautumia pia, kwa hiyo ukiuelewa hujajifungia mkoa mmoja.

Sasa, siku moja utafungua dashibodi ukute Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta kwa watoto wachanga, imefika asilimia 115. Aliyesoma kompyuta peke yake ataanza kutafuta hitilafu kwenye programu, na huenda asiione kwa sababu haipo. Kigawanyo, yaani idadi ya watoto wanaotarajiwa kuchanjwa, ni makisio yaliyotokana na sensa, na makisio hayajui kwamba akina mama wa kijiji jirani wanaleta watoto hapa kwa kuwa friji ya zahanati yao ni mbovu. Au aliyejumlisha ameandika idadi ya Penta 1 kwenye mstari wa Penta 3. Kujua ni lipi kati ya hayo, unarudi kwenye rejesta, unapiga simu, unauliza kwa adabu. Muuguzi aliyehudumia foleni tangu asubuhi hapendi kuhojiwa kama mwizi.

Kuhusu chuo, sioni sababu ya kubishana sana. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wana shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Kenya, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanafundisha kumbukumbu za afya pamoja na tehama. Wengine tuliingia kwa mlango wa kompyuta, wengine wa uuguzi. Muhimu uujue ule upande ambao hukuusomea. Mtu wa kompyuta ajifunze misimbo ya magonjwa ya ICD-10, na kwa nini hudhurio la marudio halihesabiwi kama mgonjwa mpya. Muuguzi aanze na Excel, hasa pivoti, yaani majedwali ya kufupisha takwimu, kisha SQL, lugha ya kuuliza kanzidata. Excel inadharauliwa bure.

Mazoezi hayana gharama zaidi ya bando. DHIS2 wana kozi za bure mtandaoni na mfumo wa majaribio wenye takwimu za kubuni za Sierra Leone. Tengeneza humo dashibodi yako, uivuruge, uitengeneze tena. OpenMRS, iliyoanza 2004 kwa ajili ya kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, unaweza kuisimika kwenye kompyuta yako mwenyewe ukaona kanzidata ya MySQL ilivyopangwa.

Na kabla hujagusa taarifa za mgonjwa halisi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Orodha ya wateja wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, haitumwi WhatsApp, hata bosi akiwa na haraka, hata kama "kundi ni letu wenyewe".