Kabla hujailaumu madabodi

Kompyuta ya mezani ikianza kujizima ovyo, watu wengi hapa Lamu hukimbilia kusema madabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, imekufa. Mimi hutengeneza mashine hizi Langoni, na nyingi zinazoletwa na hukumu hiyo huwa na ugonjwa mwepesi zaidi: plagi iliyolegea, waya usioshika vizuri, swichi iliyoingia kutu. Madabodi ni ghali, na mara nyingi lazima uiagize Mombasa, ije kwa basi hadi Mokowe kisha ivushwe kwa boti. Ikifika ukaifunga na mashine ikazima vilevile, hela hairudi.

Kwa hivyo bisibisi iwekwe kando kwanza. Chukua karatasi, na kila mashine ikizima andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, na kitu gani kingine nyumbani kilikuwa kikitumia umeme. Hitilafu ya kuja na kuondoka ina tabia ya kujificha ukiifikisha kwa fundi; mashine hutulia kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu wake.

Mama mmoja wa Mkomani, mwenye biashara ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue madabodi. Nikamwomba aandike kwanza. Aliporudi akaniambia, "Mwanangu, kila ikizima nasikia friji nayo ndiyo inaanza kunguruma." Kumbe friji ya kugandisha barafu za kuuza ilikuwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zikashuka, na pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani uwafae viungo vya kompyuta) iliyochoka haina akiba ya kuvuka hata pengo dogo namna hiyo. Tukaipa kompyuta soketi yake ya ukutani. Hakununua chochote.

Anza ukutani, uje ndani polepole. Chomeka taa ya mezani kwenye ekstensheni ileile, kisha mwite mtu awashe pampu ya maji au friji. Taa ikififia au kupepesa, kosa liko nje ya kompyuta. Zima swichi, chomoa plagi uikague: pini yenye alama ya kuungua, au fyuzi ya ampia 13 inayocheza mahali pake. Hewa yetu ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na shaba huota ukungu wa kijani hata ndani ya nyumba. Kama una UPS, kile kisanduku chenye betri kinachobeba kompyuta umeme ukikatika, iruke kwa muda uone. Betri yake ikizeeka, umeme ukiyumba kidogo tu inashindwa kubeba mzigo, kompyuta inazima na huku taa za nyumbani zinawaka.

Nje kukiwa salama, chomoa waya wa umeme ndipo ufungue kasha. Toa na urudishe plagi kubwa ya pini 24 na ile ndogo iliyo karibu na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Futa miguso ya RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, kwa raba ya penseli. Mashine inayozima ukiipa kazi nzito, kisha ikagoma kuwaka mpaka ipoe, inalalamika joto: ondoa vumbi, hakikisha feni inazunguka, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Swichi ya kuwashia husahaulika sana. Ukiishikilia kwa takriban sekunde 4, kompyuta huzima kwa nguvu, ndivyo ilivyoundwa. Sasa swichi ikikwama ndani kwa kutu au uchafu, mashine inawaka na kuzima baada ya sekunde chache, na mwenyewe anaapa hajaigusa. Ikishawaka, chomoa kile kiwaya chake kwenye madabodi. Ikiacha kuzima, umempata mwizi.

Pawa saplai ipimwe kwa mita wakati mashine inafanya kazi, maana bila mzigo hata mbovu husoma vizuri. Laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6; ile ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Mashine inayotaka kubonyezwa mara kadhaa asubuhi, lakini ikishapata moto haisumbui, mara nyingi ina kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme kwa muda, zilizochoka ndani ya pawa saplai. Usiifungue pawa saplai yenyewe. Hata ukishaichomoa, kapasita yake kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300.

Na ukikuta kwenye kumbukumbu za Windows tukio nambari 41, Kernel-Power, usishtuke. Linasema tu kwamba mashine ilizima bila kufungwa ipasavyo, jambo ambalo ulishaliona kwa macho yako.

Ukilazimika kununua pawa saplai, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za kuvutia wateja. Soma kibandiko uone laini ya volti 12 inatoa ampia ngapi, kisha uinyanyue. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, mrudishie muuzaji.