Usiipandishe hiyo Hz 56, sogeza kiti kwanza

Mkuu simama hapo hapo usiguse ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sauti kwa kila Hz. Umesema chumba chako cha kusikilizia muziki ni futi kumi kwa kumi, kuta za tofali, kiti umekiweka katikati, umepima kwa REW, programu ya kupima sauti ya chumba, ukakuta shimo kwenye Hz 56, yaani besi ya mitetemo 56 kwa sekunde inapotea hapo ulipokaa, na kesho unataka kupandisha desibeli 12 hapo ili besi irudi. Halafu ukauliza maiki gani ya kupimia inafaa, sabufa ikae wapi na ukutani ubandike sponji au mapazia. Mimi nimefika kwenye hiyo desibeli 12 tumbo likanikata, maana nilifanya hivyo hivyo, kwenye chumba cha kumi kwa kumi, na hela iliyoondoka sijairudisha mpaka leo.

Nilinunua monita, yaani spika za studio, za inchi 8 kwa muuzaji mmoja ambaye alijiita fundi wa studio. Nikamwambia chumba changu kidogo, akanijibu chumba siku hizi si tatizo, kompyuta inanyoosha kila kitu, grafu ikishuka unapandisha, ikipanda unashusha, basi mpaka mstari ulale. Hakuniuliza urefu wa chumba, hakuniuliza nitakaa wapi, alichouliza ni kama nalipa keshi au kwa simu. Nikifikiria jinsi alivyoongea kwa kujiamini damu inanichemka, kwa sababu mtu anayeuza spika anajua kabisa mteja akitoka dukani anaenda kukaa ndani ya boksi la tofali, akanyamaza.

Basi nikapima, nikaona shimo la kama desibeli 22, nikapandisha 12. Nikapima tena, shimo limepungua ila halijaziba. Hapo ndipo ningeacha. Sikuacha. Ikaja kwaya, nyimbo nane, na nyingi zilikuwa kwenye ki (key) ya A. Uzi wa A wa gita la besi ukipigwa wazi ni Hz 55, yaani umekaa ndani ya lile shimo. Nikiwa kwenye kiti mpiga besi akishuka E namsikia, akipanda D namsikia, akirudi A anapotea kama ametoka nje. Mimi nikadhani kijana hana mkono mzito, nikaipandisha A kwenye miksi yenyewe, wimbo wa kwanza mpaka wa nane, nikawapa.

Wakaipiga kwenye Kosta yao wakiwa safarini na mimi nimo ndani. Kila ikifika A vioo vinatetemeka, sauti za kina mama wote zimemezwa, huwezi kujua wanaimba nini. Mwalimu wa kwaya akazima redio, hakusema neno, akaangalia dirishani. Wakuu, afadhali angenitukana. Nikarudisha milioni moja na laki mbili waliyonilipa, na wiki ile ile wakati najaribu kurekebisha nikasikia harufu ya kuungua, koili ya wufa (spika ya besi) ya kushoto imekwenda, laki tatu na nusu nyingine.

Sasa sikiliza kwa nini ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Sauti inakimbia kama futi 1,125 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, futi 10 mara mbili ni 20, unapata Hz 56. Mawimbi ya Hz hiyo yanaenda yanagonga ukuta yanarudi, na katikati ya chumba linalokwenda na linalorudi yanafutana. Ukiongeza nguvu ya linalokwenda, linalorudi nalo linaongezeka vile vile, yanaendelea kufutana, ila spika sasa inabeba mzigo. Kila desibeli 3 ni watt mara mbili, kwa hiyo desibeli 12 ni watt mara 16, yote hiyo kwa noti ambayo wewe uliyekaa katikati huisikii, lakini aliyeegemea ukutani na jirani wa upande wa pili wanaisikia mpaka kifuani. Jirani yangu alikuwa anakuja kulalamika besi ni nyingi na mimi nikamwona hajui muziki, kumbe yule mzee alikuwa anapima kwa usahihi kuliko mimi. Na anayetaka kucheka acheke, ila aniambie kwanza dari lake liko futi ngapi, maana kama nalo ni 10 basi yuko ndani ya boksi lenye pande tatu zinazoimba noti moja na hajajua tu.

Kwa hiyo kwanza kiti. Toa katikati. Mimi nilikileta mbele mpaka masikio yakawa kama futi 3 na inchi 9 kutoka ukuta wa mbele, wengi wanaanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba, halafu unasogea inchi mbili mbili huku unapima kila mahali. Spika nikazirudisha karibu na ukuta, pembetatu ya spika mbili na kichwa changu ikabaki. Shimo likatoka desibeli 22 likawa kama 7, sijatumia hata senti, nimesukuma kiti tu! Uzi wa A ukarudi, nilikaa pale nikapiga noti moja dakika kumi nzima kama mtoto.

Ikwalaiza nikaifungua mwisho kabisa, na kwa kushusha tu. Kulikuwa na kilima Hz 112 nikakipunguza desibeli 5, kikatulia, kwa sababu kilima ni sauti iliyozidi na ukipunguza inapungua kweli. Shimo usiliguse. Hata ile programu ya kunyoosha yenyewe ikitaka kupandisha iwekee kikomo, REW ina sehemu ya kuzuia isipandishe, weka sifuri.

Leo usiku sukuma kiti, pima sehemu tano sita, spika ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake, kisha weka hapa grafu kuanzia Hz 30 mpaka 200. Nitakuwa macho, nataka kuiona hiyo 56.