Umefunga, umekesha, umetoa, na Mungu bado kimya

Ujumbe umeingia juzi kutoka kwa dada mmoja wa hapa Bagamoyo: "Mtumishi, nimefunga, nimekesha, nimetoa mpaka nimekopa. Mungu kimya. Niendelee au niache?" Hapo kwenye kukopa ndipo damu iliponichemka. Dada, jibu lako ni refu, na wenzako mlio kwenye foleni moja ni wengi: foleni ya ajira, ya ndoa, ya mtoto, ya kupona. Basi nalimwaga hapa, mlichukue wote.

Fungua kwanza Mwanzo 16, mstari wa mwisho. Abramu ana miaka 86. Shuka mstari mmoja tu, 17:1, ana miaka 99. Kati ya mistari hiyo miwili kuna miaka 13, na hakuna hata neno moja la Mungu lililoandikwa. Mahubiri mengi hupita hapo mbio kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Rudi nyuma kidogo, 16:3, uone mambo yalivyoharibika: walishakaa Kanaani miaka 10, Sarai akachoka kungoja mtoto, akampa mumewe kijakazi wake Hajiri. Sauli naye (1 Samweli 13) alitakiwa amsubiri nabii Samweli siku saba. Samweli akakawia, askari wakaanza kutawanyika, Sauli akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea. Waisraeli walichoka kumngoja Musa aliyekaa mlimani siku 40, wakavua pete za masikio, wakapata ndama wa dhahabu. Na msiuruke Kutoka 32:5: Haruni alitangaza kwamba kesho yake ni sikukuu kwa Bwana.

Hao wote hawakuacha dini. Waliongeza dini. Sadaka moja zaidi, sherehe moja zaidi, mpango mmoja wa haraka wa kumsaidia Mungu. Ndiyo maana mtu anayezidisha mikesha huku usingizi unapungua hunitia wasiwasi kuliko yule aliyenuna kwenye benchi la nyuma. Aliyenuna bado yupo na Mungu anagombana naye. Mwenye pupa ameshaanza kumtafutia mbadala, ila hajijui.

Sasa tufanye kazi. Tafuta daftari, la kurasa 48 linatosha. Ukurasa wa kwanza andika ombi lako kwa sentensi moja, na tarehe uliyoanza kuliomba kama unaikumbuka. Sentensi moja, isizidi. Wengi hukwama hapo hapo. Ombi lilianza likiwa kazi, likawa kazi ya serikali, likawa kazi ya serikali isiyo mbali na nyumbani, na sasa mtu analia kwa kukosa kitu ambacho mwanzoni hakukiomba. Chini ya sentensi hiyo andika swali: nani aliniahidi hili? Jibu kwa ukweli, maana huwa ni mojawapo kati ya haya. Ama ni ahadi ambayo Maandiko yanampa kila aaminiye, kama msamaha na kutoachwa. Ama ni tamanio lako, ambalo si dhambi kuliomba, lakini hakuna mahali Mungu alipotia sahihi. Ama ni neno la mtu kwenye mkesha, lile la "ndani ya miezi mitatu utabeba mtoto."

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu muda ukipita mtu humdai Mungu deni ambalo Mungu hakukopa. Kumbukumbu la Torati 18:22 imelimaliza: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, Bwana hakulinena, na usimwogope nabii huyo. Kama muda uliotajwa umepita, likate kwa mstari kwenye daftari. Hujamkufuru mtu. Halafu endelea kuomba ombi lako likiwa ombi, bila tarehe ya mwisho uliyopangiwa na binadamu.

Sala ya kila siku iwe fupi na iwe na saa yake. Dakika 15. Katika mji wetu hakuna haja ya kengele: adhana ya alfajiri ikiamsha mtaa, na wewe amka. Jirani yako anasali saa ile ile awe na raha asiwe na raha, na hilo Wakristo tumelizembea kwa kupenda kuomba "moyo ukiguswa". Katika miezi ya ukimya moyo hauguswi. Ukiusubiri, hutaomba.

Tumia Zaburi 13. Ina mistari sita, na imejigawa yenyewe. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko matupu: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Hiyo "hata lini" inarudi mara nne, na hakuna mahali Daudi anapoomba msamaha kwa kuisema. Mistari miwili ya katikati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tegemeo: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Soma zaburi yote kwa sauti. Kisha weka dakika tano kwenye simu, ulalamike kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kikwere, kwa Kizaramo, kwa Kizigua, lugha ile unayolia nayo msibani. Simu ikilia, acha. Hata kama hujamaliza, acha. Ingia kwenye ombi, soma ile sentensi ya daftari mara moja tu, halafu rudia mistari miwili ya mwisho hata kama mdomo unasema peke yake.

Kuna makosa mawili hapa, na karibu kila mtu hufanya moja. La kwanza ni kuruka malalamiko kwa kuogopa "kukiri vibaya", yaani kwamba ukitamka baya litakupata. Mtu anaanza na shukrani za kulazimisha, siku baada ya siku, mpaka sala inakuwa maigizo, na mwisho anachoka kuigiza na kuacha kabisa. La pili ni kubaki kwenye malalamiko saa nzima na kutoka mzito kuliko ulivyoingia. Zile dakika tano ni za kuzuia hilo. Siku ambayo mistari miwili ya mwisho haitoki kabisa, hamia Zaburi 88. Hiyo inaanza gizani na inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Soma, sema amina, nenda kazini.

Maneno yakiisha kabisa, na yataisha, kopa ya wengine. Hapa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wana akiba: rozari, masifu, litania. Sisi wa upande wa pili tunapenda kuzicheka sala za kusoma. Acha kuzicheka. Mwezi wa saba wa ukimya utaitafuta litania mwenyewe.

Kufunga. Hapa nasema kwa ukali kidogo. Mfungo ni wa kujinyenyekeza, si mgomo wa kula wa kumshinikiza Mungu. Ukiona unasema moyoni "nisipojibiwa sifungui", umeshageuza. Kwa joto la pwani usifunge bila maji. Anza na mlo mmoja, kisha kuanzia asubuhi hadi jioni, siku moja kwa wiki. Kufungua, waige majirani wanavyofuturu: tende au uji mwepesi kwanza, chakula kizito baadaye. Watu hufungua kwa pilau la nyama, wakaumwa tumbo usiku kucha, wakasema ni shetani. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kifua kikuu au ARV, usifunge chakula kabla ya kuongea na daktari. Funga simu jioni badala yake. Na hakuna mfungo wala upako wa kukufanya uache dawa. Anayekwambia uache, mkimbie.

Pesa sasa. Zaka na sadaka yako ya kawaida endelea nayo kama kawaida. Lakini sadaka yoyote inayotajwa kuwa ni ya "kufungua" jibu, iwe ya kupanda mbegu, ya kujimaliza, ya mafuta au ya maji, ipe wiki nzima kabla ya kutoa hata shilingi. Usiamue mkutanoni, vinanda vinapigwa na watu wanalia. Usitoe ada ya mtoto. Usitoe mtaji. Na usikope, hasa hii mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, maana Jumatatu mkopeshaji hatakuja na kwaya. Naamani alipotakaswa ukoma (2 Wafalme 5), Elisha alikataa zawadi yake. Aliyeifuata kwa siri alikuwa Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma ukamhamia yeye. Dada, uliyemkopea sadaka huyo hakukusaidia kungoja. Mkopo ulipe polepole, na huyo aliyepokea sadaka usimpe faida nyingine.

Kabla hujasema Mungu amekuacha, pima pia mwili. Eliya chini ya mretemu (1 Wafalme 19) aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa, akala tena. Kama una wiki mbili au zaidi hulali, huli, hufurahii chochote, au unawaza kufa, nenda kituo cha afya na umweleze daktari hivyo hivyo. Sonona ina matibabu, na mgonjwa wa sonona haponi kwa kuongezewa mkesha.

Jumapili usiache kwenda, ingawa najua kipindi cha shuhuda kinavyokata maini. Kaa karibu na mlango kama ni lazima. Wasipoacha kukuuliza, andaa jibu moja fupi, "Bado, endelea kuniombea," na usifafanue. Hana, aliyekuwa akiomba mtoto, alieleweka vibaya na kuhani mwenyewe: Eli alimwona midomo inacheza bila sauti akadhani amelewa (1 Samweli 1). Wahubiri tunaopenda kusema "imani yako haijafika kiwango" tusome hapo taratibu. Siri yako mpe mtu mmoja, wawili wakizidi. Mchague yule anayeweza kukaa kimya. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walipokaa chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu alisema wao hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu aliyelalamika.

Mara moja kwa miezi mitatu tafuta nusu siku ya utulivu. Hapa mjini uwanja wa misheni ya Kikatoliki, iliyoanza 1868, unafaa hata kwa asiye Mkatoliki, ila nenda siku ya kazi kukwepa makundi ya hija. Beba Biblia, daftari, maji, simu imezimwa. Pita kwenye makaburi ya wamisionari, usome umri wao. Wengi walizikwa vijana kabla ya kuona kilichoota. Kisha kaa ufungue ukurasa wa kwanza wa daftari, ujiulize: ombi hili bado ni lile lile? Kuna mlango uliofunguka nikaudharau kwa sababu haukufanana na nilichotaka?

Katikati ya hayo, fanya kazi. Yeremia 29:11 imebandikwa kwenye kuta nyingi, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", lakini ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unasema watakaa miaka 70. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mwalimu anayesubiri ajira afungue twisheni. Anayesubiri mume anunue kitanda kizuri, asilale kwenye godoro la chini akisubiri harusi ndipo maisha yaanze.

Tena kuna siku kungoja kunakwisha kwa hapana. Daudi (2 Samweli 12) alifunga na kulala chini akimwombea mtoto wake mgonjwa. Siku ya saba mtoto akafa, watumishi wakaogopa kumwambia. Alipojua, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, halafu ndipo akaomba chakula. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondoke, akaambiwa "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Kama mchumba ameoa mwingine, kama umri wa kuzaa umepita, kama mgonjwa amekufa, ombi hilo limejibiwa, na hakuna haja ya kuliombea "ufufuo" miaka mingine kwa sababu tu hujaruhusiwa kulia. Lia. Ukurasa huo wa daftari ufunge kwa tarehe, na mchungaji au padre akuombee siku hiyo.

Na likija la ndiyo, lipa kwanza nadhiri kama uliweka, Mhubiri 5:4 inasema usikawie. Ushuhuda unaweza kungoja wiki mbili tatu. Ukisimama kuutoa, taja ulivyongoja muda mrefu na ulivyolalamika, lakini idadi ya siku ulizofunga na kiasi ulichotoa usitaje, maana kuna mtu kwenye benchi la nyuma atakwenda kufunga hizo hizo na kukopa hizo hizo.