Hesabu ghorofa za chini, si za juu

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Ninaishi Upanga, ghorofa ya tatu, kwenye fleti za zamani za ghorofa nne. Ubavuni mwetu, upande wa kusini, palikuwa na nyumba ya chini yenye mwembe. Imevunjwa, mabati yamezungushwa, na kibao kinasema panapanda jengo la ghorofa kumi na nne, fleti za kupangisha. Tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 2024 silali vizuri. Mume wangu anasema ni kelele tu, zitapita. Majirani wanataka tuandike barua kupinga urefu. Tunaweza kuzuia? Na upepo wetu je? – Mama wa Ghorofa ya Tatu

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo barua ya urefu iwekeni kwanza. Urefu unatutisha kwa sababu unaonekana, lakini kinachopasua kuta za jirani mara nyingi ni shimo. Rudi kwenye kibao, au muulize msimamizi wa kazi: chini ya ardhi kuna ghorofa ngapi? Wapangaji wanataka pa kuegesha magari, kiwanja ni kidogo, basi magari hushushwa chini.

Ardhi ya huko kwenu ni ya kichanga na maji hayako mbali. Ukichimba shimo la maegesho utayakuta, na mkandarasi atayavuta kwa pampu usiku na mchana ili mafundi wafunge nondo pakavu. Maji hayo hayajui mpaka wa kiwanja; yatavutwa hata chini ya jengo lenu. Yakiondoka, mchanga hujishindilia na kushuka, na msingi wenu mfupi nao hushuka, kona moja kuliko nyingine. Ufa wa namna hiyo utautambua: huanzia kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa mshazari kama ngazi.

Niliwahi kuwa upande wa pili wa mabati. Nilikuwa nasimamia kazi katikati ya jiji, mzee mmoja jirani akaja na picha za ufa sebuleni kwake. Mimi nilijua umetoka kwetu. Lakini watu wa bima waliuliza swali moja tu: picha ya ukuta huo kabla hatujaanza kuchimba iko wapi? Hakuwa nayo. Aliondoka na ndoo mbili za rangi. Mtaa ule mpaka leo naukwepa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla mashine za kuchimba hazijashushwa kwenye lori, mdaini mkandarasi ukaguzi wa hali ya jengo lenu. Mhandisi aliyesajiliwa apite kila chumba, ngazi, tangi la juu, mashimo ya maji taka, na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili ibaki kwenu. Akikataa, pigeni picha wenyewe, gazeti la siku hiyo na rula vikionekana kando ya kila ufa. Kisha koroga jasi kidogo, bandika bonge kama chapati ndogo juu ya ufa wa zamani, andika tarehe kwa penseli. Jasi haivutiki. Ufa ukifunguka kidogo tu, itakatika, na tarehe mnayo. Chombo cha bei poa, lakini kimenisaidia kuliko vingi vya kidijitali.

Muulizeni pia nguzo za msingi zitagongwa ardhini au zitamiminwa kwenye mashimo yaliyotobolewa. Kugonga hutikisa mtaa mzima. Kutoboa ni ghali zaidi ila vyombo vyenu vitabaki kabatini.

Kuzuia kabisa? Sidhani, na sina hakika kama ningetaka. Watu wanafanya kazi mjini na wanalala Mbagala na Bunju. Nyumba zaidi Upanga si dhambi. Barua yenu iende kwa halmashauri ya jiji na kwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa kuwa mradi wa ukubwa huo hupitia tathmini ya athari kwa mazingira na majirani wana haki ya kusikilizwa. Ombeni masharti: ukaguzi, vipimo vya mtikisiko, saa za kazi. Kama fleti zenu zina hati moja moja chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, chama chenu cha wamiliki kiandike. Kama mmepanga, mwenye jengo ndiye aandike, mpeni presha.

Upepo sasa. Likisimama kusini mwenu, kusi mtaukosa sebuleni, hilo nakubali. Ila kusi ni wa miezi ya baridi. Joto la Januari hupozwa na kaskazi, nao huingilia upande mwingine, msiuzibe kwa makabati. Jua halitawapotea sana. Huku kwetu saa sita liko karibu na utosi.

Ambalo hamjaliuliza ni jenereta. Huwekwa mpakani, na bomba lake la moshi linaweza kuishia usawa wa dirisha lako. Mwambie mume wako kelele za ujenzi zitapita kweli, hii haitapita. Iandikeni kwenye masharti bomba lipande hadi paani. Mkipewa ramani, nitumie picha ya ukurasa wa msingi tu. Ule wa mbele wenye bwawa la kuogelea sina haja nao.