Jibu: Namna ya kuthibitisha kwamba 2147483647 ni namba tasa

Ndugu, nimekuelewa: programu yako inagawa namba hii kwa kila namba hadi nusu yake, nayo haimalizi. Huna haja ya kufika mbali hivyo. Ishia kwenye kipeuo cha pili, yaani 46340, kwani namba isiyo tasa lazima iwe na kigawanyo kisichozidi hapo.

Utamu wenyewe uko hapa. Namba yako ni 2^31 − 1, na kigawanyo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zilizobaki za kujaribu hazifiki 400! Anza na 311: ukigawa namba yako kwa 311 inabaki 35, kwa hiyo si kigawanyo. Endelea na 313 uone kwamba haimo kabisa kwenye orodha, kwani ikigawanywa kwa 248 inabakiza 65. Kwa njia hii mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa, bila kompyuta.

Chunga mtego mmoja. Kama umeandika i*i <= n kwa namba za biti 32 zenye ishara (chanya na hasi), i, yaani kigawanyo unachojaribu, ikifika 46341 jibu halienei, na mzunguko unaweza usikome. Tumia biti 64.

Usidhani pia kwamba kipeo (kama ile 31 ya 2^31) kikiwa tasa basi jibu ni tasa: 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Kama lengo ni kutengeneza funguo za siri, usijiandikie programu mwenyewe. Huko mara nyingi zinatakiwa namba tasa za mamia ya tarakimu. Tumia maktaba iliyokaguliwa na wataalamu wa usalama.