Kabla ya kuwasha feni: kwa wanaoanza kusoma udhibiti wa flata

Vijana wanaonijia hapa Chumbageni, Tanga, hufika na kompyuta zao wakitaka tuanze na milinganyo. Mimi huwapa kwanza ubao mwepesi uliofungwa kwenye springi nne mbele ya feni, wautazame kwa makini. Ubao hupanda na kushuka, na wakati huohuo ukingo wake wa mbele huinama na kuinuka. Miondoko hiyo miwili ikishapatana, upepo huuongezea ubao nishati katika kila mzunguko, na mtikisiko hukua ingawa kasi ya feni haijabadilika. Hiyo ndiyo flata, na bawa la ndege hupatwa nayo vivyo hivyo. Msiifananishe na tanga la mashua linalopigapiga chombo kinapoelekezwa upepo unakotoka; kwa mtu aliyekulia kando ya bandari mfano huo huja upesi, nami ulinipotosha kwa muda mrefu.

Dawa ya zamani ni kukaza bawa au kulisawazisha kwa vipande vya chuma, nayo huiongezea ndege uzito. Katika udhibiti tendaji, vihisi hupima mchapuko wa bawa, yaani jinsi kasi ya mwendo wake inavyobadilika, kompyuta hukokotoa jibu, na kipande cha nyuma ya bawa huinuka au kushuka ili kuinyang'anya flata nishati yake. Mwaka 1973 ndege ya majaribio ya B-52 nchini Marekani iliruka kwa njia hiyo ikapita kasi yake ya flata, yaani kasi ambayo flata huanza, kwa maili 10 za baharini kwa saa.

Jambo litakalowasumbua zaidi ni kuchelewa kwa jibu. Tuseme bawa linatikisika mara 10 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua sekunde 0.1. Nguvu iliyokusudiwa kupinga mwendo ikichelewa sekunde 0.025 tu, ambayo ni robo ya mzunguko, haipunguzi tena mtikisiko bali hufanya kazi ya springi. Ikichelewa sekunde 0.05, inausukuma mtikisiko uleule iliotumwa kuuzima. Programu yangu ya kwanza ilichuja data mara tatu ili mchoro upendeze; kila uchujaji ulichelewesha jibu, na ubao uling'oa springi mbili.

Karibu na kasi ya sauti mambo huwa magumu zaidi. Kuanzia takriban Mach 0.8, yaani mara 0.8 ya kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hutokea juu ya bawa na kuhamahama kadiri linavyotikisika, hivyo kasi ya flata inaweza kushuka chini ya ile inayotabiriwa na nadharia ya mstari, ile inayochukulia kwamba nguvu za hewa hukua sawia na mwendo wa bawa, na jibu lililofaa kwenye Mach 0.6 linaweza lisifae tena. Feni yangu haiwezi kuwaonyesha hayo. Handaki la upepo la NASA, shirika la anga la Marekani, kule Langley katika jimbo la Virginia, lililoanza kazi mwaka 1960, hutumia gesi nzito ambayo ndani yake sauti husafiri kwa karibu nusu ya kasi yake hewani, ndiyo maana Mach 1 hufikiwa humo kwa mwendo mdogo zaidi.

Juni 1980 ndege isiyo na rubani ya DAST, mradi wa NASA wa kujaribu mabawa kwa ndege za namna hiyo, ilivunjika bawa ikaanguka, kwa sababu ukuzaji wa mfumo wa kuzuia flata, yaani namba inayoamua jibu liwe kubwa kiasi gani, uliwekwa nusu ya ule uliokusudiwa. Hesabu za nadharia hazikuwa na kosa hilo. Lilikuwa katika namba iliyowekwa. Kwa hiyo, feni ikiwa bado imezimwa, inueni ubao kwa kidole, pimeni kipande cha nyuma yake kinachochezeshwa na kompyuta kimekwenda upande gani na kwa digrii ngapi, kisha linganisheni na namba iliyo kwenye karatasi yenu.